Jina Kwenye Santuri: Kutungwa na Kurekodiwa kwa Nyimbo katika Nchi ya Majani Chai ya Kericho

1.0 Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi simulizi ya Afrika Mashariki, santuri na kaseti hutajwa mara nyingi kama vyombo vya kuhifadhia. Huchukuliwa kwamba wimbo umekwisha kutungwa mahali fulani, na kwamba kazi ya anayerekodi ni kuunasa tu, jinsi mtu anavyoteka maji mtoni bila kuubadili mto. Makala haya yanaipima dhana hiyo kwa kuangalia historia ya kutungwa na kurekodiwa kwa nyimbo miongoni mwa Wakipsigis wa Kericho na Bomet, kuanzia mwaka 1950 hadi enzi ya bendi za magitaa iliyofuata uhuru. Hoja inayotetewa ni kwamba kurekodi ni hatua mojawapo ya utunzi. Hatua hiyo ndiyo inayoamua wimbo uishie wapi, uitweje na, zaidi ya yote, uwe wa nani.

Suala la umiliki lina uzito wa pekee kwa idara za fasihi. Mwaka 1968, katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi cha wakati huo, Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitoa waraka uliodai Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Afrika, ikiwemo fasihi simulizi, iwekwe katikati ya masomo. Tangu hapo vizazi vya wanafunzi vimetumwa vijijini na vinasasauti kukusanya nyimbo. Nyingi kati ya nyimbo hizo zimeingia katika tasnifu zikiwa na jina la kabila mahali ambapo pangeandikwa jina la mtunzi. Desturi hiyo ina historia, na sehemu moja ya historia hiyo inaweza kufuatiliwa katika nchi ya majani chai.

2.0 Kapkatet, 1950

Mwaka 1950 Hugh Tracey (1903–1977), Mwingereza aliyehamia Rhodesia ya Kusini akiwa kijana, alizuru Afrika Mashariki kurekodi muziki. Miongoni mwa vituo vyake kilikuwa Kapkatet, kusini ya mji wa Kericho. Matokeo ya safari hiyo na nyingine zilizofuata yaliingia katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, aliyoianzisha mwaka 1954, na yakatolewa katika mfululizo wa santuri zaidi ya 200.

Utaratibu wa kazi yake unastahili kuelezwa kwa kina, maana ndani yake mna nadharia ya utunzi ambayo haikutamkwa. Mtambo wa umeme uliwekwa mbali na wasanii ili mngurumo wake usisikike. Tracey aliishika maikrofoni mkononi mwake na kuisogeza wakati wimbo ukiendelea, akiipeleka kwa kiongozi wa wimbo, kisha kwa waitikiaji, kisha kwenye chombo. Kwa hiyo kinachosikika leo kimepangwa tangu pale pale na mkono wa mtu mmoja aliyeamua sauti ipi isogee mbele na ipi irudi nyuma. Aidha, santuri za wakati huo, zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zilibeba takriban dakika tatu kila upande. Wimbo ambao ngomani ungeendelea kadiri wachezaji walivyokuwa na nguvu ulilazimika kupatiwa mwisho.

Albert Lord, katika kitabu chake cha mwaka 1960 kuhusu waimbaji wa tendi, ameonyesha kwamba katika fasihi simulizi utunzi na utendaji hufanyika kwa wakati mmoja. Ruth Finnegan, katika utafiti wake wa mwaka 1970 juu ya fasihi simulizi ya Afrika, amesisitiza nafasi ya hadhira katika kuumba kazi yenyewe. Wataalamu hao wakifuatwa, itabidi kukiri kwamba mbele ya maikrofoni hadhira ilikuwa imebadilika. Waimbaji wa Kapkatet hawakuwa wakiwaimbia wenzao peke yao. Walimwimbia pia mgeni mwenye mashine, na aliyeamua muda unatosha ni huyo mgeni. Wimbo uliopatikana siku ile ni utungo mpya, uliotungwa kwa ajili ya tukio la kurekodiwa, hata kama maneno na sauti zake zilikuwa zimekwisha kujulikana kijijini.

3.0 Kutoka Jimmie Rodgers hadi Chemirocha

Miongoni mwa nyimbo zilizorekodiwa Kapkatet zimo tatu zenye anwani moja, "Chemirocha". Mbili ziliimbwa na wanaume. Ya tatu, ambayo ndiyo iliyosifika zaidi nje ya Kenya, iliongozwa na Chemutoi Ketienya akiitikiwa na wasichana wa Kikipsigis. Jina Chemirocha limetokana na la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1897 na kufariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilifika Kericho pamoja na gramafoni za Wazungu. Rodgers alifahamika kwa namna yake ya kurusha sauti ghafla kutoka kifuani hadi kooni na kuirudisha, na alijisindikiza kwa gitaa.

Kwanza inafaa kulitazama jina lenyewe. Sauti za jina la Kiingereza zimepangwa upya kulingana na silabi za Kikipsigis, na mwanzoni pametokea Che-, mwanzo unaofahamika sana katika majina ya wanawake wa Kikalenjini kama vile Chemutai na Chepkoech. Jina la kiongozi wa wimbo, Chemutoi, lina mwanzo huo huo. Hivyo mwanamume wa Mississippi amepewa jina linalolandana na la msichana anayemwimba. Katika wimbo wa wasichana, ufanani huo wa sauti hauwezi kupuuzwa: unalifanya jina la mgeni liwe rahisi kuimbwa, kuitikiwa na kutaniwa.

Pili, kuna maelezo ya Tracey. Kwa mujibu wake, wasichana wamemgeuza mwimbaji huyo kuwa kiumbe nusu mtu nusu mnyama, mwenye miguu ya swala, na wanamhimiza acheze ngoma ya kuruka kwa nguvu kiasi cha kutokwa na nguo zake. Tracey anamlinganisha na Pan, mungu wa Wayunani wa kale mwenye miguu ya mbuzi. Ulinganisho huo unaeleza zaidi shule alizosoma Tracey kuliko fikra za waimbaji. Ndani ya fasihi ya Wakalenjini wenyewe mlikuwa na kiumbe aliyekaribia zaidi. A. C. Hollis, katika kitabu chake cha mwaka 1909 juu ya Wanandi, jamii iliyo na uhusiano wa karibu na Wakipsigis, anamweleza chemosit, zimwi nusu mtu nusu ndege, mwenye mguu mmoja na kinywa chekundu kinachong'aa usiku kama taa. Zimwi hilo huimba usiku karibu na msitu. Watoto huona mwanga na kusikia wimbo, hudhani pana ngoma, hufuata na kuangamia.

Ulinganisho wa chemosit na Chemirocha unapendekezwa hapa kama njia ya kusoma, na unatosheleza mambo ambayo Pan hayatoshelezi. Majina yote mawili yanaanza kwa sauti zinazofanana. Viumbe wote wawili ni nusu mtu. Wote wanasikika bila kuonekana vizuri, na wote wanavuta watu kwa sauti. Gramafoni nayo ilitoa sauti ya mtu asiyekuwepo. Kwa mtoto wa Kikipsigis aliyelelewa kwa hadithi za mazimwi, sauti inayoimba bila mwili haikuwa jambo la kukosa maelezo, kwani maelezo yake yalikuwa tayari katika hadithi. Wasichana wa Kapkatet walifanya zaidi ya kurithi hofu hiyo. Waliigeuza kuwa matani. Zimwi la hadithi huwaita watoto wende kwenye ngoma ya uongo, lakini hapa wasichana ndio wanaoliita lije kwenye ngoma ya kweli, liruke kama wavulana wao, na liaibike. Kejeli hiyo ni tendo la utunzi. Ina chanzo, ina mbinu, na ina lengo.

Tatu, kuwapo kwa nyimbo tatu chini ya anwani moja kunaonyesha kwamba Chemirocha lilikuwa jina la mada. Watunzi mbalimbali wa eneo moja waliichukua mada hiyo, kila mmoja akaitungia kwa namna yake. Wanaume waliisindikiza kwa chombo cha nyuzi cha jamii ya nyatiti. Santuri ilizitofautisha nyimbo hizo kwa namba. Namba ni alama ya mtunza kumbukumbu, na mara ilipobandikwa, mashindano ya kiutunzi kati ya wasanii wa eneo moja yakaanza kuonekana kama nakala tatu za kitu kimoja.

4.0 Bristol na Kapkatet: njia moja ya utunzi, hatima mbili

Ili kupima kilichotokea Kapkatet, inafaa kukitazama kikao kilichomfanya Jimmie Rodgers mwenyewe awe jina. Mnamo Julai 1927, Ralph Peer wa kampuni ya Victor alifika Bristol, mji ulioko mpakani mwa majimbo ya Tennessee na Virginia, akiwa na mitambo ya kurekodi. Kama Tracey, alikuwa mgeni aliyeleta mashine kwa waimbaji wa mashambani. Rodgers alikwenda huko pamoja na bendi. Kabla ya kurekodi walikosana juu ya jina litakaloandikwa kwenye santuri, na bendi ikaachana naye. Tarehe 4 Agosti alirekodi peke yake kwa gitaa lake. Inafaa kuzingatiwa kwamba nyota wa kwanza wa muziki wa aina ile alipatikana katika umbo la mwimbaji pekee kutokana na ugomvi kuhusu kibandiko cha santuri.

Peer alikuwa na sababu ya kibiashara ya kutafuta watunzi. Alitaka nyimbo zinazoweza kusajiliwa kuwa mpya, kwa kuwa mapato yake yalitokana na haki za uchapishaji wa nyimbo hizo. Lakini Rodgers hakutunga kutoka kwenye utupu. Nyimbo zake nyingi zilijengwa kwa beti zilizokuwa zikizunguka miongoni mwa waimbaji, hasa Wamarekani Weusi, na wafanyakazi wa reli, nao hawakutajwa. Nyingine zilitungwa kwa msaada wa shemeji yake, Elsie McWilliams, ambaye jina lake liliandikwa katika baadhi na kuachwa katika nyingine. Kwa maneno mengine, njia ya utunzi ya Rodgers na ile ya Ketienya na wenzake zilikuwa za aina moja: kuchukua kilichopo, kukipa mpangilio mpya na kukitia saini ya sauti yako.

Tofauti ilikuja katika maandishi. Ubeti uliookotwa barabarani Marekani uliingia katika daftari la hakimiliki kwa jina la Rodgers. Wimbo uliotungwa Kapkatet kwa kulikejeli jina hilo hilo uliingia katika maktaba kama kielelezo cha muziki wa Wakipsigis. Jina la Ketienya liliandikwa, na kwa hilo Tracey anastahili kusifiwa kuliko wakusanyaji wengi waliomtangulia. Hata hivyo liliandikwa kama jina la mtendaji. Wenzake walijumlishwa katika neno moja, wasichana. Katika wimbo unaosimama juu ya kiitikio, kumtaja kiongozi na kuwajumlisha waitikiaji ni kutoa hukumu ya kihakiki: hukumu kwamba kiitikio si utunzi.

5.0 Bendi na studio mjini Kericho

Askari waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia walichangia kulieneza gitaa nchini Kenya, na kufikia miaka ya 1960 chombo hicho kilikuwa kimeingia katika nafasi ya vyombo vya nyuzi vya kale. Jiografia ya nchi ya majani chai ilisaidia. Mashamba makubwa ya Kericho, yaliyopanuka tangu miaka ya 1920, yalikusanya wachumaji wa Kikipsigis, Wajaluo, Wakisii na Waluhya katika kambi moja. Barabara itokayo Kapsoit hupitia Kiptere ikiteremka hadi Sondu, ambapo Wakipsigis hukutana na Wajaluo na Wakisii sokoni. Njia hiyo ya mahindi, mifugo na majani chai ilikuwa pia njia ya mapigo ya gitaa. Benga, iliyokuzwa na Wajaluo kwa kuyahamishia magitaa mapigo ya nyatiti, ilipanda mlima kwa njia za namna hiyo. Ilipofika juu ilikuta masikio yaliyokwisha kuzoea chepkong'o, chombo cha nyuzi cha Wakipsigis, na haikuhitaji kufafanuliwa.

Kilichoutofautisha mji wa Kericho na miji mingine midogo ni kuwapo kwa duka la Chandarana, lililouza santuri na pia kurekodi bendi na kutoa santuri chini ya jina lake. Bendi za eneo hilo hazikulazimika kwenda Nairobi ili sauti zao zinaswe. Miongoni mwa waliorekodi hapo alikuwa Kipchamba arap Tapotuk akiwa na Koilong'et Band, ambaye jina lake limekuwa kipimo cha muziki wa Kikalenjini wa magitaa.

Utunzi wa bendi za benga ulipitia hatua ambazo mhakiki anaweza kuzitenganisha. Kiongozi aliingia na sauti na maneno ya mwanzo, mara nyingi juu ya mtu maalumu: mpenzi, marehemu, mfadhili, adui. Gitaa la kwanza lilijifunza kuifuata sauti hiyo silabi kwa silabi, kisha kuijibu. Gitaa la pili na besi vilitafuta mahali pa kusimama. Kisha wimbo ulijaribiwa mbele ya watu, katika vilabu vya pombe, arusi na harambee, ambako majina ya waliohudhuria yaliongezwa na beti zisizopokewa zikaachwa. Wimbo ulipofika studio ulikuwa umekwisha kuhaririwa na hadhira.

Studio iliuhariri mara ya pili. Santuri ndogo ya mizunguko 45 ilikuwa na pande mbili tu, kila upande ukibeba dakika chache. Bendi iliyotaka kutoa wimbo mrefu iliugawa: sehemu ya kwanza upande mmoja, sehemu ya pili upande mwingine. Mgawanyo huo ulipatana na umbo la benga lenyewe, ambalo huanza kwa masimulizi ya mwimbaji na kuishia kwa magitaa yanayokimbia peke yao huku wachezaji wakipata nafasi yao. Hapa kipimo cha mashine na kipimo cha ngoma vilikubaliana kwa kiasi fulani, jambo ambalo halikutokea Kapkatet mwaka 1950. Albamu kwa maana ya nyimbo kumi zilizopangwa kusikilizwa kwa mfuatano haikuwa sehemu ya fikra hiyo. Ilikuja baadaye na kaseti, na mara nyingi ilikuwa mkusanyo wa nyimbo zilizokwisha kutoka moja moja. Mhakiki anayetafuta umoja wa albamu katika muziki huu anatafuta kitu ambacho watunzi hawakukikusudia. Umoja wa kazi zao uko katika wimbo na majibu yake, santuri kwa santuri, bendi kwa bendi.

Kuhusu umiliki, enzi ya bendi ilileta hatua mbele na hatua nyuma. Mbele, kwa sababu kibandiko kilimtaja kiongozi na bendi, na wanunuzi wakaomba santuri kwa jina la msanii. Nyuma, kwa sababu jina moja liliwameza wapiga magitaa ambao, kama ilivyoonyeshwa, walikuwa watunzi wenza. Katika biashara ya santuri nchini Kenya kwa jumla ilikuwa kawaida mwanamuziki kulipwa fedha mara moja na kuondoka. Kenya ilikuwa na Sheria ya Hakimiliki tangu 1966, lakini sheria haimfikii mtu ambaye jina lake halimo katika karatasi. Kaseti bandia za miaka ya 1980 zilikamilisha mzunguko huo wa kupotea kwa majina: wimbo ulirudi sokoni ukiwa hauna kibandiko cha kuaminika, karibu na hali ya wimbo wa mapokeo, isipokuwa sasa ulikuwa na bei.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kati ya Kapkatet ya 1950 na studio ya Kericho ya miongo iliyofuata, njia ya kutunga haikubadilika sana. Mtunzi alichukua mada iliyokuwa ikizunguka, akaipa sauti, wenzake wakaijibu, hadhira ikaikata na kuiongeza. Kilichobadilika ni aina ya maandishi yaliyoambatanishwa na wimbo, na maandishi hayo ndiyo yaliyogawa heshima na fedha.

Mwaka 2014 maktaba aliyoianzisha Tracey, kwa kushirikiana na shirika la Ketebul Music la Nairobi, ilianza kuzirudisha kwa Wakenya nakala za sauti alizozichukua, na wazee wa Kikipsigis wakasikiliza tena nyimbo za ujana wao. Miaka miwili baadaye Kenya ilipitisha Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Tanzu za Utamaduni. Hatua zote mbili ni za haki. Hata hivyo sheria bado zinatambua wamiliki wa aina mbili: mtu mmoja mwenye hakimiliki au jamii nzima yenye utamaduni. Chemutoi Ketienya na wenzake wanaangukia katikati. Hawakuwa mtu mmoja, wala hawakuwa kabila zima. Walikuwa kundi dogo la wasichana, mahali panapojulikana, mwaka unaojulikana, waliolichukua jina la mgeni na kulitungia kejeli.

Uhakiki unaweza kufanya kile ambacho sheria haijafanya. Mwanafunzi anayekwenda uwandani leo aandike nani alianzisha wimbo, nani waliitikia, nani alipiga nini, na nani aliyeamua wimbo umekwisha. Ikiwa aliyeamua ni mwanafunzi mwenyewe, aandike hivyo. Maelezo hayo ni sehemu ya matini, na nafasi yake si pembezoni mwa ukurasa. Bila hayo, kila kaseti inayopelekwa chuoni itaendelea kufanya kilichofanywa Kapkatet, na watunzi wataendelea kuhesabiwa kuwa sauti za kabila.